Vifaranga wa Fundi Dakika

Chini ya ngazi ya jengo moja la ghorofa nne, mahali ambapo wengine wangeweka mafagio na ndoo, palikuwa na kibanda cha kioo kisichozidi upana wa mlango. Humo Fundi Dakika alikaa miaka thelathini na mmoja, lenzi imebanwa jichoni, mgongo umepinda, akitengeneza saa za watu. Jina alipewa na wateja. Kila aliyeuliza saa yake itakuwa tayari lini alijibiwa, "Nipe dakika," na tofauti na mafundi wengi wa dunia hii, yeye akisema dakika alimaanisha dakika.

Alikuwa msafi kupindukia. Saa haipendi vumbi, na yeye alikuwa ameishi na saa hadi akafanana nazo. Kabla ya kufungua kifuniko alinawa mikono mpaka viwikoni, akafuta kidole kimoja kimoja, kisha akapuliza meza ambayo tayari ilikuwa haina kitu. Fundi viatu, jirani yake wa pale ngazini, mtu wa utani usiokauka, alikuwa akisema kwamba siku Dakika akifa waoshaji watapata tabu, maana maiti yenyewe itainuka kuwaonyesha walipobakisha uchafu. Dakika alikuwa hacheki wala hakasiriki. Aliendelea kuchokonoa magurudumu madogo kuliko punje ya mtama, na mkono wake haukutikisika hata gari kubwa lilipopita nje na kutetemesha vioo.

Kisha watu wakaacha kuvaa saa. Halikuwa jambo la siku moja. Kwanza walipungua vijana, waliokuwa wakitazama saa kwenye simu. Halafu wakapungua wazee, waliokuwa wakiwauliza vijana. Wakabaki wa kubadilisha betri, nao wakawa wa kuhesabika. Dakika alifungua kibanda asubuhi, akakaa, akapuliza meza, akafunga. Mtu aliyezoea kazi akikosa kazi hana tofauti na ng'ombe aliyefungiwa zizini wenzake wakienda malishoni.

Siku moja fundi viatu alikuwa akisimulia habari za shemeji yake anayetotolesha vifaranga nyumbani, bila kuku, kwa sanduku na balbu. Alisimulia kama kichekesho. Dakika alitoa lenzi jichoni na kuuliza maswali matatu: joto kiasi gani, siku ngapi, na mayai hugeuzwa mara ngapi. Akaambiwa nyuzi thelathini na saba na nusu. Siku ishirini na moja. Kila baada ya saa chache, mpaka siku ya kumi na nane.

"Kumbe ni saa tu," Dakika alisema.

"Saa yenye mkia," alijibu fundi viatu. "Angalia isije ikakunyea."

Nyumbani kwa Dakika palikuwa na vyumba viwili. Kimoja walilala yeye na mkewe. Cha pili kilikuwa na mabegi, cherehani iliyokufa, na meza aliyoirithi kwa babake. Mkewe alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye kufanya kila jambo kwa utaratibu. Waliohamia mtaani baadaye walimwita Shangazi, kwa sababu hawakujua wamwite mama nani; na wale wa zamani, waliojua, waliona ni afadhali nao waseme Shangazi. Dakika alimwita bibie. Yeye alimwita mumewe Fundi, kama mteja.

Dakika alitengeneza sanduku kwa wiki mbili, na hakuna aliyewahi kuona sanduku la aina ile. Alichukua saa ya ukutani ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua, akaunganisha magurudumu yake na kitanda cha mayai, hata kila baada ya saa nne kitanda chote kililala upande wa pili taratibu, bila kishindo. Balbu zilijizima joto likizidi na kujiwasha likipungua. Aliweka sahani ya maji kwa ajili ya unyevu, kipimajoto mbele ya kidirisha cha kioo, na mstari mwekundu pale ambapo zebaki ilitakiwa kukaa. Ikakaa pale pale. Shangazi alitazama, akasema ni kazi nzuri, na alikuwa anamaanisha.

Mayai arobaini na manane yalitoka kwa mfugaji mmoja nje kidogo ya mji. Yalikuwa mayai kama mayai mengine ya kwenye kiota: haya yana tone la kinyesi, yale yana unyoya umegandia. Dakika aliyatazama na ngozi ikamsisimka. Akajaza beseni maji ya bomba, akachukua ile brashi laini ya kusafishia saa, akaanza kuyaosha moja baada ya jingine.

Shangazi alimkuta hapo. Alikuwa amekulia kwa mama aliyefuga kuku, akajua vitu ambavyo hakuwahi kuulizwa na mtu.

"Yai la kuatamiwa halioshwi, Fundi," alisema.

Dakika alimjibu kwa upole kwamba uchafu ni uchafu, na hakuna chombo duniani kilichoharibiwa na usafi. Shangazi alisimama kidogo mlangoni. Kisha akasema, "Fundi ni wewe," akarudi jikoni kuchagua mchele. Dakika aliyapangusa mayai kwa kitambaa cheupe mpaka yakang'aa kama meno, akayapanga sandukuni, akafunga kidirisha.

Siku ya saba aliyamulika kwa tochi, yai moja moja, kuona yapi yana uhai. Kwenye la kwanza aliona mishipa myekundu imetanda kama mizizi, na katikati kitone kinachodunda. Akamwita mkewe. Shangazi alikuja akikausha mikono kwenye kanga, akainama, akatazama kwa muda mrefu.

"Kanapiga," alisema.

"Kanapiga," Dakika akaitikia.

Mayai saba tu ndiyo yalikuwa hayana kitu. Walimaliza kazi wakiwa wawili, yeye akimulika, mkewe akishika. Wiki mbili zilizofuata zilikuwa njema kuliko zozote ambazo nyumba ile iliwahi kuziona kwa miaka mingi. Shangazi alizoea kuingia mle chumbani na chai yake, akakaa juu ya begi, akaongea. Alieleza jinsi mama yake alivyokuwa akimtambua kuku anayetaka kuatamia kwa namna anavyonuna. Alisema hata wanawake wako hivyo, na Dakika akacheka, sauti ambayo majirani wa ukuta wa pili walishindwa kuitambua ni ya nani. Ila jambo moja halikubadilika: mazungumzo yote yalikuwa ya kuku, mayai, na joto. Walipita kando ya mengine kama wanavyopita kando ya shimo watu waliozoea njia.

Siku ya kumi na nane alisimamisha magurudumu, akaongeza maji. Siku ya ishirini, saa tisa alasiri, yai moja lilipasuka ufa mdogo wa umbo la nyota. Kufikia jioni ya siku iliyofuata vifaranga thelathini na mmoja walikuwa wametoka, wamelowa, wamechoka, wakilala kifudifudi juu ya maganda yao kama walevi. Walipokauka wakawa mipira ya manjano. Fundi viatu alikuja kuona, akampa Dakika mkono na kumuuliza kama uchungu ulimshika ghafla au ulianza mgongoni.

Siku mbili za mwanzo taabu zilikuwa ndogo, na kila moja ilikuwa na jibu. Mmoja miguu ilimwachana kushoto na kulia, kama mtu aliyeteleza kwenye sakafu ya sabuni, akawa hawezi kusimama. Shangazi alisema kosa ni la magazeti waliyotandika, yanateleza; akayaondoa na kutandika gunia. Dakika alikata kiutepe cha plasta chembamba kama uzi wa kiatu, akaifunga miguu miwili pamoja, akaacha nafasi ya upana wa kidole. Kifaranga aliangukia mdomo mara kumi. Ya kumi na moja akasimama. Wengine watatu kinyesi kiliwagandia nyuma kikaziba kabisa. Dakika aliwalowesha kwa pamba na maji ya vuguvugu mpaka kikalainika, akakitoa bila kunyofoa hata unyoya, akawapaka mafuta kidogo. Mkono uliozoea skrubu haukushindwa na mkundu wa kifaranga. Alijisikia kama enzi zile watu walipokuwa wakipanga foleni kibandani.

Asubuhi ya siku ya tatu alikuta saba wamekufa.

Walikuwa wamelala pembeni mwa balbu, mmoja juu ya mwingine. Aliwageuza chini ya lenzi. Matumbo yalikuwa yamevimba, laini kama kifuko cha maji, na ngozi yake ilikuwa na rangi ya kijanikijani. Vitovu havikuwa vimefunga. Vilikuwa vimelowa, vimevimba, na vilitoa harufu. Akawashika waliobaki. Kumi na wanne kati yao walikuwa na matumbo yale yale, na walisimama wamejikunyata, macho nusu, kama watu wanaosubiri basi ambalo wamekata tamaa kwamba litakuja.

Dakika alifanya yote aliyoyajua na mengine aliyoyabuni. Alipaka iodini vitovuni kwa njiti iliyofungwa pamba. Aliwanywesha maji ya sukari tone kwa tone. Alipandisha joto, akalishusha, akalipandisha tena. Mchana wakafa wawili, alasiri mmoja. Kesho yake wanne. Aliweka wanne walio wagonjwa zaidi ndani ya boksi la viatu alilopewa na jirani yake wa ngazini, akalikumbatia, akaenda nalo ofisi ya mifugo.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Alimshika kifaranga mmoja, akamgeuza, akanusa, akamrudisha. Hakuonekana kushangaa.

"Mayai uliyaosha, mzee wangu?"

Dakika alisema ndiyo, aliyaosha vizuri sana.

"Kwa maji baridi?"

"Kwa maji safi."

Daktari akavua miwani. Alimweleza polepole, kama mtu anayejua kwamba anachokisema kitaenda nyumbani na msikilizaji. Ganda la yai, alisema, lina matundu madogo yasiyoonekana, na juu yake kuna utando ambao kuku mwenyewe ameuweka ili kuyaziba. Ukilisugua, utando unaondoka. Maji yakiwa ya baridi kuliko yai, yai linajikunja ndani na kuvuta; na kinachovutwa ni hayo maji pamoja na uchafu ulioyeyuka. Uchafu uliokuwa nje unaingizwa ndani. Kifaranga anakua nao siku zote ishirini na moja, halafu anazaliwa na kitovu kilichooza.

"Mimi nimewaua, basi," Dakika alisema.

"Watu wengi hufanya hivyo. Tone la kinyesi unalikwangua tu, kavukavu, au yai lenyewe unaliacha."

"Dawa?"

"Dawa ninayo. Nitakupa, usije ukaondoka mikono mitupu. Lakini nikikuambia itawaponya hawa nitakuwa nakudanganya." Alimshauri awatenge wagonjwa na wazima, na wale waliokwisha kulegea awamalize upesi wasiteseke. Akamuuliza kama anajua namna ya kufanya hivyo. Dakika alisema anajua. Hakuwa anajua, na hata angejua asingeweza.

Alirudi nyumbani na wanne wake. Mmoja alikuwa amekwisha kufa njiani. Hakumwambia mkewe alichoelezwa. Shangazi naye hakuuliza. Aliona dawa mezani, akamwona mumewe alivyokaa, akaelewa, maana aliyekwisha kusema mara moja hana haja ya kusema tena.

Kuanzia hapo Dakika hakuondoka mle chumbani. Aliweka kigoda kando ya sanduku, akala humo, akasinzia humo ameegemea ukuta. Fundi viatu alituma ujumbe kwamba kuna bibi mmoja amekuja na saa ya marehemu mumewe, anasema hawezi kumwachia fundi mwingine. Dakika akajibu arudi wiki ijayo. Ujumbe ukaja tena kwamba bibi anatoka mbali. Dakika akajibu kwamba hawezi. Katika miaka thelathini na mmoja hakuwahi kumrudisha mteja.

Akawa anawashika mmoja mmoja kiganjani. Alikwisha kujua dalili: kwanza anaacha kula, halafu analia sauti moja ndefu isiyokatika, halafu sauti inakuwa fupi, halafu anafungua mdomo na sauti haitoki. Alikuwa akiwaweka karibu na kifua, ndani ya shati, wapate joto la mtu. Walikufa humo humo ndani ya shati. Aliwaambia maneno yasiyo na maana, vumilia, jikaze, kidogo tu. Mkewe alimsikia kutoka jikoni.

Siku ya nne ya kukaa kwake, asubuhi, Shangazi aliingia na chai na mkate. Aliiweka chai mezani. Badala ya kutoka, akasimama.

"Kumbe unajua kukaa," alisema.

Dakika alidhani anasifiwa. Alisema hana la kufanya, akiwaacha watakufa.

"Hawa ndio usioweza kuwaacha."

Hakusema kwa hasira. Laiti angesema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma kipimajoto. Na Dakika, kifaranga kiganjani, akajua mara moja wamefika wapi.

Mwaka wa tatu wa ndoa yao walipata mtoto wa kike. Alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo, ngozi imekunjamana. Wakaambiwa wamrudishe nyumbani, wamweke kwenye joto, na wavumilie. Siku ya pili yake Dakika alikwenda kibandani. Kulikuwa na watu wanasubiri, alimwambia mkewe, na haukuwa uongo. Miaka ile walikuwa wakisubiri kweli. Jioni alirudi, akasimama mlangoni, akauliza anaendeleaje, kama mtu anavyouliza kama mvua itanyesha. Akanawa mikono mpaka viwikoni, akala, akalala. Akafanya hivyo siku zote. Siku ya nane mtoto alikata roho kabla ya adhuhuri, mjumbe akatumwa kibandani mbio. Dakika alifika baada ya saa nzima. Tangu siku hiyo hawakuwahi kulizungumza, na mtoto mwingine hakuja.

"Uliniambia ulikuwa na saa wazi mezani," Shangazi alisema. "Kwamba usingeiacha, vumbi lingeingia. Nikajiambia, huyu amechanganyikiwa kwa majonzi, ndiyo maana anasema maneno haya. Nikakuelewa. Nimekuelewa miaka thelathini, Fundi. Nimekuja kuona leo kwamba unaweza kukaa siku nne bila kutoka, kwa kuku."

Dakika alimfunika kifaranga kwa kiganja cha pili.

"Niliogopa kumshika," alisema. "Sikujua pa kushika."

"Mimi nilijua?"

Shangazi aliketi juu ya begi, pale pale alipozoea kukaa na kueleza habari za kuku wa mama yake. Akasema kwamba mtoto alikuwa na kucha ndefu. Watu hawaamini, mtoto wa siku chache, lakini zilikuwa ndefu, na alikuwa akijikwaruza shavuni. Yeye alijaribu kuzikata, mkono ukawa unatetemeka kwa kukosa usingizi, akaogopa kumjeruhi. Akasema moyoni, Fundi akirudi atazikata, yeye ana mkono wa vitu vidogo. "Ulirudi, ukanawa, ukala. Nikaona umechoka. Nikasema, kesho."

"Ilikuwa siku ya ngapi?"

"Ya saba."

Kifaranga aliyekuwa kiganjani mwa Dakika alikuwa amenyamaza. Dakika hakumtazama. Alimuuliza mkewe, kwa sauti ambayo haikuwa yake, kama wangeweza kwenda pamoja alikozikwa mtoto. Yeye hakuwahi kwenda tena baada ya siku ile.

"Hakuna pa kwenda," Shangazi alisema. "Palijengwa. Mwaka wa nne tu tangu tumzike walikwisha kupitisha ukuta wa ghala. Nilikuwa nakwenda peke yangu, nikaukuta ukuta, nikarudi." Akasimama, akachukua kikombe. "Chai imepoa. Nitakutia nyingine."

Akamletea nyingine.

Vifaranga waliendelea kufa, ila sasa kwa utaratibu zaidi, mmoja leo, wawili kesho. Yule aliyefungwa plasta miguuni alikuwa ameshafunguliwa, akawa anakimbia kuliko wote, anawarukia wenzake mgongoni. Siku ya tisa tumbo likavimba, siku ya kumi Dakika alimkuta amelala ubavu. Miguu yake ilikuwa imenyooka vizuri kabisa, mizima, kazi safi. Dakika aliitazama miguu ile kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama kifaranga mwenyewe. Kufikia wiki ya pili walikuwa wamebaki watatu. Hao hawakuwa wagonjwa hata siku moja. Mayai yao huenda hayakuvuta maji, huenda brashi haikuyapitia sana, nani ajuaye. Shangazi aliwafunga kwenye kikapu akampelekea muuza mboga wa mtaa wa pili, mwenye uwanja. Dakika alimwona anatoka nao. Hawakuwahi kuuliza waliendeleaje.

Sanduku alilifumua mwenyewe. Mbao akampa fundi viatu azitumie kwenye banda lake. Fundi viatu alikuwa amekwisha kuandaa utani kuhusu matanga ya kuku, lakini alipouona uso wa mwenzake akaumeza. Akachukua mbao, akasema asante, akarudi kugonga misumari. Yule bibi wa saa ya marehemu alikuwa amekwisha kwenda kwa fundi mwingine, akaambiwa haitengenezeki, na sasa alikuwa ameitupa ndani ya sanduku la nguo, akaridhika hivyo.

Dakika alijaribu. Ni haki kusema kwamba alijaribu. Alianza kurudi nyumbani mchana, akakaa jikoni wakati mkewe akipika, akajitolea kuchambua mchele. Siku moja alimuuliza mtoto alifanana na nani. Shangazi alifikiri kweli kweli, mwiko mkononi, kisha akasema hakumbuki. Alisema mwaka wa kwanza alikuwa akimwona waziwazi akifumba macho, mwaka wa kumi ukawa uso tu, na sasa kimebaki kile kikwaruzo cha shavuni. "Ungeniuliza wakati ule," alisema, "ningekuambia mpaka nyusi." Haikuwa lawama. Na hilo ndilo lililomuumiza Dakika kuliko lolote, kwamba hata lawama hakubakishiwa, imekwisha kutumika yote bila yeye kuwepo. Maji yakimwagika hayazoleki. Na haya yalikuwa yamekwisha kukauka kabla hajajua kwamba yamemwagika.

Mwezi mmoja baadaye mdogo wake Shangazi, aliyeolewa mji mwingine, aliugua goti, akahitaji mtu wa kumsaidia. Shangazi alisema atakwenda wiki moja. Alipanga nguo zake kwa utaratibu, akamwonyesha Dakika unga uko wapi, mafuta yako wapi, mlango wa jikoni unavyofungwa ukiwa umevimba kwa mvua. Dakika alimsindikiza kituoni akimbebea begi. Njiani alitaka kusema jambo, akawa analipanga kichwani neno kwa neno, lipi litangulie, lipi lifuate. Walipofika basi lilikuwa limekwisha kuwasha injini.

Wiki ikawa mbili, mbili zikawa miezi. Goti lilipona, likaja jambo jingine, kisha jingine, mpaka sababu zikakoma kutajwa. Hakuna aliyesema neno kuachana. Majirani wakiuliza, Dakika alisema Shangazi yuko kwa mdogo wake, na hilo lilikuwa kweli. Kila Jumapili asubuhi humpigia simu. Shangazi humuuliza kama amekula, naye hujibu amekula. Humuuliza kama mlango wa jikoni unafunga, naye hujibu unafunga. Kisha pande zote mbili hunyamaza, na katika kimya kile Dakika husikia sahani za nyumba nyingine zikioshwa, na watoto wa watu wakipita wakicheka.

"Basi, Fundi," Shangazi husema.

"Basi, bibie," naye husema, akasubiri mpaka yeye ndiye akate.